Rabai: kanisa nyota 4 na nusu, ofa ya kupelekwa nyota 2

Naanza na nyota ili asiye na muda asome hapa aende zake. Rabai penyewe, kule vilimani nje ya Mombasa, yaani kanisa la zamani na makumbusho na yule kijana wa pale aliyetuzungusha, 4 na nusu kati ya 5, hiyo nusu imeliwa na jua la saa saba na sio kosa la mtu. Kampuni ya Mombasa mjini iliyotuuzia ofa ya kutupeleka, 2, na kati ya hizo mbili moja na nusu ni za dereva. Jina la kampuni siandiki, sitaki maneno na watu, lakini ukikutana na tangazo la "safari ya historia" la shilingi 5,500 kwa kichwa na picha ya mnazi unaoinama, soma hapa kwanza kabla hujatuma hela.

Ilikuwa hivi, shemeji zangu walikuja kutoka Dar, mtu na mkewe na binti yao wa kidato cha pili, Fort Jesus washaiona, viazi karai vya Mama Ngina washakula mpaka basi, wakasema sasa tupeleke mahali ambapo hakuna mchanga. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Muislamu, Rabai huwa napita tu kwenye gari nikienda harusi za Kaloleni, kushuka sijawahi. Nikasema ngoja nilipie ofa na mimi niwe mgeni siku moja, watu wanipeleke wanirudishe.

Tuliambiwa saa mbili asubuhi gari iko mlangoni. Ilikuja saa nne kasoro. Sawa, Mombasa hii, Makupa inajulikana, nikameza. Dereva akaomba radhi mwenyewe bila kuulizwa, akatununulia maji Mazeras kwa pesa yake, ndio maana nasema nyota zake ni zake. Kutoka barabara kuu ya Nairobi unakata kulia pale Mazeras, unafuata barabara ya Kaloleni, unapanda panda na minazi kila upande, na ukigeuka nyuma siku ya jua kali unaiona bahari kule chini. Hiyo sehemu hata kampuni mbovu haiwezi kukuharibia.

Shida ilikuwa mtembezaji wao. Alikuwa na karatasi yake imewekwa plastiki, akasimama kwenye kivuli cha gari akaisoma yote kama anasoma majina ya darasa: Krapf alikuja 1844, Rebmann alikuja 1846, hili ndilo kanisa la kwanza huku bara, pigeni picha, tukimaliza tunaenda duka la vinyago. Duka la vinyago! Watu wa Dar uwapeleke Mombasa kununua vinyago! Binti akamuuliza, kwa adabu tu, "Samahani kaka, na Warabai wenyewe hapo walikuwa wapi?" Jamaa akamjibu, "Walikuwa kayani huko wakitambika," yaani kwenye misitu yao mitakatifu. Akafunga karatasi.

Hapo ndipo shemeji akasema hapana, sisi tunabaki. Tukaingia ndani, tukalipa kiingilio cha makumbusho, tukapata kijana wa pale pale wa kutuzungusha, yule wa kampuni akabaki kwenye gari na simu yake. Kilichofuata ndio nakiandikia hii rivyuu.

Kwanza ujue kilichopo. Kuna jengo la kanisa la zamani kabisa, lile la wamisheni Krapf na Rebmann, ambalo sasa ndilo makumbusho na liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Halafu jirani yake kuna kanisa la St Paul, la miaka ya 1880, la Waanglikana, na hilo linatumika mpaka kesho, watu wanasali humo Jumapili, wanaozeshwa humo, wanazikwa kutoka humo. Usiende ukitegemea kanisa la maajabu. Ni majengo madogo ya kijijini, kuta nene, hayana madoido, ukipita na gari kwa kasi hutageuka kuyatazama mara ya pili. Ndani ya makumbusho kuna habari za wamisheni na habari za Warabai na Mijikenda, yale makabila tisa ya pwani, kwa jumla, ukisoma mwenyewe unamaliza upesi, kwa hiyo utamu wote uko kwa anayekusimulia.

Kijana hakuanza na Krapf, alianza na wazee. Akasema hakuna mgeni anayejenga Rabai kwa kupenda yeye, si leo si zamani. Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na wamisheni wa Uingereza wa CMS, katolewa Uhabeshi, akafika Unguja Januari 1844, Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani kwamba huyu ni mtu mwema msimsumbue. Akaja Mombasa na mkewe Rosina, Julai mwaka huo huo Rosina akafa kwa homa, na mtoto mchanga wao wa kike naye akafa, kaburi liko upande wa Nyali huko (shemeji akasema kumbe tumelipita jana tukienda kula samaki). Sasa barua ya Sayyid ilikuwa na nguvu kisiwani, huku juu kwenye vilima haikuwa na maana kubwa, huku wenye neno ni wazee wa kaya. Rebmann alipofika Juni 1846 ndio wakapanda wote wawili, wakaongea na wazee, wazee wakakubali, na 25 Agosti 1846 wakahamia. Walihamia hali zao taabani, wote wana homa, punda ni mmoja, wanapokezana. Kijana anasema wazee wangetaka kuwakatalia siku ile wala isingehitaji mkuki, wangewaambia tu warudi walikotoka wasingefika chini.

Mimi sijawahi kusikia hii habari ikisimuliwa hivyo, yaani kwa upande wa aliyekaribisha. Skuli tulifundishwa Krapf na Rebmann na milima, Rebmann kaona Kilimanjaro 11 Mei 1848, Krapf kaona Mlima Kenya 3 Desemba 1849, wasomi wa Ulaya wakawacheka eti theluji na ikweta wapi na wapi. Hayo nayaruka, yapo kwenye kila kitabu. Na walitoka hapa Rabai kwa miguu, na waliowabebea mizigo na kuwaonyesha njia nao walikuwa na macho.

Sasa sikiliza waumini walivyopatikana. Wa kwanza alikuwa mtu kilema, Mringe, maskini wa kutupwa, kabatizwa akiwa yuko kitandani anakata roho. Kwa hiyo kanisa likapata muumini na kumpoteza papo hapo. Baadaye akaja Abe Gunja, akabatizwa Abraham, na mwanawe Nyondo akawa Isaac. Miaka ikaenda hesabu ikabaki ya vidole. Krapf akaugua akaondoka miaka ya 1850, Rebmann akabaki. Akabaki miaka 29 jamani! Mkewe Emma akafia hapo hapo 1866, yeye macho yakaanza kufa, mwisho akawa kipofu kabisa, na alipoondoka 1875 kurudi kwao Ujerumani aliyemshika mkono safari nzima ni huyo Isaac Nyondo. Mwaka uliofuata Rebmann akafa. Binti alisimama pale akauliza, "Mama mdogo, huyo Nyondo alirudi lakini?" Kijana akamwambia alirudi, alikuja kuwa mtu mkubwa wa kanisa hapa. Akashusha pumzi kama ni ndugu yake.

Na kuna Salimini. Huyu alikuwa mtumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, alikuwa na bwana wake Mombasa, Rebmann akakaa naye mwanzoni mwa miaka ya 1850 akamwandika lugha yake neno moja moja, ndiyo kamusi ya Kinyanja iliyokuja kuchapishwa 1877. Kamusi ina jina la Rebmann, ndivyo ilivyo. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf nayo ilitoka London 1882, mwenyewe kashafariki mwaka mmoja kabla, na imejaa Kimvita cha kwetu, nikamwambia shemeji mnaona sasa, Kiswahili chenu cha Dar kilikuwa bado kinanawa uso. Hakucheka sana.

Sehemu iliyonikalia kifuani ni ya watoro, yaani watumwa waliokimbia, na hii kwenye ile karatasi ya plastiki haikuwepo hata mstari mmoja.

1864 waliletwa Rabai watu waliokuwa watoto wa utumwani, manowari za Waingereza ziliwakamata njiani baharini, wakapelekwa India, wakasomeshwa na wamisheni kule Nasik, wakarudishwa huku. Wabombei waliitwa. Katika hao alikuwemo William Jones. Huyu Jones ndiye kiungo cha kila kitu lakini muulize mtu yeyote Mombasa leo William Jones ni nani, atakwambia mchezaji wa Chelsea. Alipewa daraja la ushemasi 1885 na Askofu Hannington, mwaka huo huo akafuatana naye safari ya Buganda, Hannington akauawa Busoga mwezi Oktoba, na Jones ndiye aliyewakusanya wapagazi waliobaki kwenye msafara akawarudisha kwa miguu mpaka Rabai, wakafika mwanzoni mwa 1886 wamebeba bendera ya buluu imeandikwa Ikabodi kwa herufi nyeupe, lile neno la Biblia la utukufu umeondoka. Kijana alituonyesha kwa mkono upande ambao msafara ungetokea, minazi tu na vumbi la boda, lakini tulisimama wote tunatazama kule.

Sasa Jones huyo huyo ndiye aliyekuwa Rabai wakati watumwa wanakimbia mashamba ya pwani wanapandisha vilima kujificha hapa. Walijenga, wakalima, wakaoa, wakajaza kanisa. Kwa hiyo ile hesabu ya vidole ya kina Krapf ilikuja kuwa umati, na umati wenyewe hawakuwa watu waliohubiriwa wakaongoka kwa upole, walikuwa watu wanaotafutwa. Wenye watumwa wakaja juu, 1888 ikawa karibu vita. Kampuni ya Waingereza ya IBEA ndio kwanza imeingia, mkubwa wao George Mackenzie akachunguza akakuta watoro zaidi ya 1,400 kwenye misheni za huku, wengi wao Rabai. Akapatana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa karatasi zao za uhuru hapa Rabai. Nisemeje. Aliyelipwa ni bwana, aliyelimishwa bure miaka yote akapata karatasi. Na hao mabwana hawakuwa watu wa mbali, walikuwa watu wa mjini kwetu, dini yetu, mitaa ninayopita kila siku. Hili halisemwi kwenye mabaraza yetu na hata mimi kuliandika hapa najua kuna atakayenuna. Anune tu.

Ndio maana nakasirika na ile karatasi ya kampuni. Ukisimulia Rabai kama wazungu wawili na punda umesimulia miaka ya mwanzo ukaacha watu walioijaza. St Paul haikujengwa kwa ajili ya Mringe peke yake, ni kanisa la wakati wa umati huo.

Haya, utunzaji. Hapa nina la kusema kwa sababu tulikutana na mzee mmoja fundi, mstaafu, nyumba yake si mbali, kijana alimsalimia kwa mbali akaja mwenyewe kwa mkongojo. Shikamoo mzee, marahaba wanangu, akakaa. Nikamuuliza kwa nini watu wanasema majengo ya zamani yasipigwe simiti, si ndio imara? Akasema twende. Akatupeleka kwenye nyumba yake, ya marehemu baba yake, ya mawe na chokaa. Kuna ufa aliuziba kwa simiti zamani kabla hajajua. Akaugonga kwa fimbo, unalia utupu. Halafu akavuta kipande, simiti ikatoka nzima kama ganda la yai la kuchemsha, na nyuma yake jiwe limekuwa unga, akaingiza kidole kikazama mpaka pingili ya kwanza. Maelezo yake ni haya: ukuta wa zamani hauna msingi wa kuzuia maji, unyevu unapanda kutoka chini, chokaa inauachia utoke nje ukauke. Simiti inaufungia ndani, na unyevu umebeba chumvi, chumvi ikikauka ndani inavimba inasaga jiwe. Nje unaona ukuta mzuri umepakwa rangi, ndani unakufa. Na rangi za mafuta za kung'aa ni yale yale.

Dawa ni chokaa juu ya chokaa, na paa zima. Akasema paa ndio kila kitu, tundu la ukubwa wa sarafu msimu mmoja wa masika linaangusha ukuta uliosimama miaka mia. Ila chokaa ya kuchoma ya matumbawe siku hizi sio rahisi, kuchoma matumbawe ya bahari sio jambo la kufanya tena hivi hivi, kuni ni nyingi, na vijana wanaojua kuiloweka na kuisubiri iive ni wachache. Mfuko wa simiti upo kila duka. Nikamuuliza na vijana wako? Mmoja ni askari wa ulinzi Changamwe, mmoja yuko Qatar. Basi.

Na kuna jambo jingine alilosema kijana ambalo nakubaliana nalo, kwamba kanisa linalosaliwa ni gumu kulitunza na pia ni rahisi. Gumu kwa sababu waumini wanataka feni, spika, taa, nafasi zaidi, na wana haki, hawawezi kutoka jasho ili mgeni apate picha. Rahisi kwa sababu kuna mtu anafagia kila wiki, paa likivuja mtu analowa anapiga kelele. Nyumba tupu inavuja mwaka mzima hakuna anayejua. Mimi kwa maoni yangu waacheni wafunge feni, ila nyaya zisitobolewe tobolewe ukutani.

Na usiondoke bila kuuliza kuhusu kaya. Kaya za Rabai ni miongoni mwa zile misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kuingia kayani sio jambo la kushuka gari na kuingia, kuna wazee, kuna ruhusa, kuna namna ya kuvaa na kuna mahali hupigi picha. Sisi hatukuingia, siku haikutosha na heshima ni heshima. Lakini ukishasikia kwamba waliowapa kina Krapf mahali pa kukaa ni wenye msitu ule, huwezi kuyatazama haya mawili kama maadui. Vinginevyo utarudi na jibu la yule jamaa, kayani huko wakitambika.

Turudi kwa kampuni tumalizane. Tulipomaliza saa tisa yule mtembezaji akasema tumepita muda, kuna nyongeza 2,000. Dereva akamwambia mbele yetu kwamba sisi ndio tuliosubiri asubuhi. Kimya. Usiku nikawaandikia wasap kuomba warudishe angalau ile hela ya mtembezaji, maana tulilipa wengine, wakanitumia sauti ya dakika tatu ya kunielimisha kuhusu gharama za mafuta. Hela haijarudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Panda matatu ya Mariakani kutoka mjini, shuka Mazeras, hapo kuna matatu za Kaloleni na boda wamejaa, mwambie Rabai kwenye makumbusho, kila mtu anajua. Ukiwa na mzazi au magoti mabovu chukua gari ya kukodi mtu mmoja unayemwamini, utalipa chini ya ile ofa mkiwa wanne. Nenda asubuhi, kofia, maji. Lipa kiingilio, omba mtembezaji wa pale na mlipe vizuri, usimkatie bei mtu anayekupa masaa yake. Muulize moja kwa moja habari za Nyondo, Jones na watoro, ukinyamaza anaweza kudhani umekuja kwa ajili ya milima tu kama wengine. Jumapili nenda kama unakwenda kusali au uko tayari kungoja, usipite katikati ya ibada na simu juu, na dada zangu leso mkononi haidhuru kitu. Madafu yapo njiani na ni ya juu kwa juu, yamekatwa mbele yako. Mnazi wa kunywa, ile pombe, pia upo, Rabai ndio kwenyewe, shemeji aliniuliza kwa kunong'ona nikajifanya sikusikia, dereva ndiye aliyempeleka.

Namba ya yule dereva ninayo, ameshaacha ile kazi na sasa ana gari ya kukodi ya mwenyewe. Anayetaka aniandikie inboksi.